Mistari Mitano Chini ya Schutzkleidung

Je, niliisoma ile mistari mitano, au sikuisoma? Ilikuwa imechapwa kwa herufi ndogo kwenye lebo nyeupe, ndani ya kola, chini ya neno moja kubwa la Kijerumani. Neno lenyewe nalikumbuka barabara. Naweza kuliandika nimefumba macho. Mistari iliyokuwa chini yake siikumbuki. Wakati mwingine najiona nimeisogeza lebo karibu na dirisha, nikasoma yote, nikaamua kwamba haituhusu. Wakati mwingine najiona nimeishia kwenye lile neno, nikaikunja nguo na kumrudishia fundi cherehani. Picha zote mbili ziko wazi kichwani mwangu, na moja tu ndiyo ya kweli. Miaka kumi na moja imepita, na bado sijui ni ipi.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi katika bohari za mavazi, hapa Kolwezi, na kule Fungurume na Tenke. Mimi nilitunza bohari kama hizo zenu kwa miaka ishirini na minne, katika kiwanda kimoja cha shaba na kobalti nje kidogo ya mji. Niliingia na shahada ya lugha, kwa kuwa mwaka ule hakuna aliyehitaji mwalimu wa lugha, ilhali kiwanda kilihitaji mtu wa kusoma karatasi za mizigo iliyotoka nje. Nilitoka nikiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, walipopunguza watu. Wafanyakazi waliniita Mama Magazeni, yaani mama wa bohari. Wao walinijua kwa cheo changu, na mimi niliwajua kwa vipimo vyao. Hata leo nikikutana na mtu sokoni, naona kwanza mabega, urefu wa mikono na namba ya viatu. Jina lake hunijia baadaye, pengine akiwa amekwisha kupita.

Ufundi wenyewe sikuupata chuoni. Aliyenifundisha ni Tata Mwansa, fundi cherehani wa bohari, mzee mwembamba aliyekaa kwenye kona yenye dirisha na kushona viraka vya kiwanda kizima. Siku yangu ya kwanza alinikuta nahesabu salopeti za buluu, yaani ovaroli, zilizorudishwa, nikiandika tu "nzima" au "mbovu." Akanipokonya moja.

"Madame, nguo iko inasema. Angalia: goti ya kuume imeisha, ya kushoto iko muzima. Huyu anapiga goti moja. Ni mutu wa pampu. Hii ingine imeisha ku bega: anabeba mifuko. Sasa nguo ya mukubwa inaishaka wapi?"

"Wapi, Tata?"

"Ku matako!"

Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisha akanionyesha mambo ambayo nawaachia ninyi kama yalivyo. Kabla hujampa mtu nguo, igeuze ndani nje, kwa sababu upande wa nje umeshonwa kwa ajili ya macho. Inyanyue kuelekea mwanga wa dirisha; palipo na nukta ya mwanga, kimiminika nacho kitapita. Ikiwa ni nguo ya kuzuia maji, funga mkono wake kwa kamba, mimina kikombe cha maji ndani, uitundike, halafu nenda ukanywe chai. Ukirudi, sakafu itakuwa imekwisha kukujibu.

Lipo jambo lingine la hapa kwetu ambalo lazima mlijue, maana hamtalikuta katika kitabu chochote cha usalama. Mwanamume wa Kolwezi hakubali kuvaa nguo ya kazi kama gunia. Siku za Ijumaa watu walichukua nguo zao nyumbani. Jumatatu zilirudi zimefuliwa kwa brashi, zimetiwa wanga wa muhogo, na zimepigwa pasi ya makaa hadi mikunjo ya suruali inasimama kama makali ya kisu. Mke aliyemtoa mumewe nyumbani na salopeti iliyokunjamana alisemwa mtaa mzima. Nguo ikiwa pana, ilipelekwa kwa Tata Mwansa apunguze ubavuni. Sikuona ubaya. Niliona fahari, na nilipenda kusimama mlangoni Jumatatu asubuhi nikiwatazama wanaingia kama watu wanaokwenda harusini.

Ndipo zikaja suti za kijani.

Zilikuwa kwenye makasha manne, kutoka Ujerumani, kwa ajili ya timu ya matangi, wale wanaoyeyusha madini kwa asidi. Kitambaa chake kilikuwa kizito, laini kwa nje, na ndani kila mshono ulikuwa umefunikwa kwa utepe uliobandikwa kwa joto. Mkuu wangu alishindwa kuandika jina la nguo hizo kwenye fomu. Alijaribu "Chouskledi," akafuta, akajaribu "Shutsklaydin," akaniita. Nilikuwa nimesoma Kijerumani miaka miwili chuoni, na katika miaka yangu yote ya kazi hakuna aliyewahi kuniuliza neno lake hata moja. Mnaweza kufikiri nilivyofurahi.

Nilichukua chaki, nikaandika ubaoni mbele ya timu nzima: Schutzkleidung.

Kisha mmoja akasema, "Madame, ile ni neno ao ni namba ya treni?"

"Ni neno. Herufi kumi na nne."

"Na bavoyeli?"

"Irabu ni nne tu."

"Basi hawa batu banakula konsona sawa sisi tunakula bukari!"

Wakacheka, nami mlaji wa ugali huohuo nikacheka nao. Nikawaeleza kwamba Schutz ni kinga na Kleidung ni mavazi. Nikawaambia Wajerumani wana neno jingine, Arbeitskleidung, yaani mavazi ya kazi tu, kama salopeti zao za buluu. Hilo ni vazi la kukutambulisha na kuzuia vumbi, lakini hili la kijani linasimama kati ya ngozi yako na asidi, kwa hiyo wasiyachukulie kuwa kitu kimoja. Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe, tena kwa ufasaha. Kisha nikawauliza nani anaweza kulitaja lile neno herufi kwa herufi bila kutazama ubao.

Aliyesimama ni Tata Kayombo, mtu mfupi, mpole, wa pampu ya tangi la pili. Alitazama dari, akalitaja lote bila kukosea, na timu ikampigia makofi. Kesho yake nilikuta ameliandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati lake. Kwa wiki nzima walisalimiana kwa neno hilo, wakalifupisha likawa "shuti," na jina hilo likabaki.

Hapo ndipo sifa zangu zinapoishia.

Suti zilikuwa kubwa. Waliozishona walikuwa na watu warefu akilini. Tata Kayombo alipovaa yake, miguu ya suruali ilikokota chini na ubavu ukavimba kama hema. Akaja dirishani kwangu.

"Madame, na hii nguo mi ntaanguka ku ngazi ya tangi. Tata Mwansa anipunguzie kidogo."

Hoja yake ilikuwa ya haki. Mtu anayejikwaa juu ya tangi la asidi hahitaji adui mwingine. Nilipaswa kuagiza vipimo vidogo, na kuagiza kulimaanisha kusubiri miezi mitatu. Nikaandika kikaratasi: suti kumi na sita, zipunguzwe ubavuni na miguuni. Nikatia sahihi.

Tata Mwansa alikaa na suti ya kwanza mapajani muda mrefu bila kuwasha mashini. Mwishowe akaniita.

"Madame, hii kitambaa haipendi sindano. Na angalia huku ndani. Juu ya nini balifunika mushono yote?"

Nikautazama ule utepe. Nilikuwa na suti mkononi, kola ilikuwa mbele ya macho yangu, na lebo ilikuwa ndani ya kola.

"Ni kwa kupendeza tu, Tata," nikasema.

"Mi Kijerumani sijue," akasema polepole, "lakini kitambaa najua."

"Shona, Tata. Batu bako banangoja."

Akashona. Hilo ndilo dirisha ninalorudi kusimama mbele yake kila mara, nikijiuliza kama nilisoma au sikusoma. Na vyovyote itakavyokuwa, mtu aliyejua alinionya, na mtu aliyesoma alimnyamazisha.

Miezi mitano baadaye, saa tatu asubuhi, kiungo cha bomba kilipasuka kwenye tangi la pili, na asidi ikamrukia Tata Kayombo upande wa kulia. Wenzake walimtia chini ya maji haraka, kama walivyofunzwa, na hilo lilimwokoa. Nilikwenda kumwona katika zahanati ya kiwanda alasiri ile. Daktari alikuwa akibadilisha vitambaa, nami nikaliona jeraha kabla sijageuza uso. Watu wanadhani kuungua kwa asidi huenea kama maji yaliyomwagika. La Tata Kayombo halikuenea. Lilikuwa mstari mmoja, kutoka kwapani hadi juu ya goti, umenyooka kama ulivyochorwa kwa chaki ya fundi. Pembeni mwake, upana wa kiganja, ngozi ilikuwa salama.

Nilijua pale pale. Suti ilikuwa imezuia asidi kila mahali isipokuwa pale ilipopita sindano.

Siku mbili baadaye mhandisi wa usalama aliniita. Suti ilikuwa juu ya meza yake. Mkono wa Tata Mwansa ulikuwa mzuri mno. Mhandisi aliutazama ule mshono na kuudhania kuwa wa Ujerumani. Macho yake yalikuwa kwenye mkunjo wa suruali, ambao bado ulisimama.

"Madame, nguo hii ilipigwa pasi?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Na mke wake, nadhani. Wote hupiga."

Akaandika. Nikasubiri swali la pili, lile la mshono. Halikuja. Akafunga daftari, akanishukuru, nami nikashukuru, nikatoka. Kila neno nililosema lilikuwa la kweli. Vijana wangu, jihadharini na siku ambayo kila neno lenu ni la kweli na bado mnatoka chumbani mkiwa na haraka.

Tata Mwansa alikuwa amesimama nje.

"Bameuliza juu ya mushono?"

"Hapana, Tata."

Aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. "Sawa, Madame." Akarudi kwenye kona yake. Tulifanya kazi pamoja miaka minne zaidi kabla hajafariki, na alinisalimu kila asubuhi kwa adabu ileile. Lakini hakunifundisha tena jambo lolote.

Wiki ile nilizikusanya suti nyingine kumi na tano, nikaandika "zimechakaa," nikaziteketeza. Zilikuwa na umri wa miezi mitano. Nawaambia jambo hili ili msije mkanitetea kwamba sikuelewa.

Taarifa ilipotoka ilisema kwamba nguo iliharibiwa na matunzo mabaya ya nyumbani. Ilibandikwa kwenye ubao uleule nilioandikia neno langu. Na taarifa ya kiwanda haibaki kiwandani. Kufikia Jumapili mtaa mzima ulijua kwamba Mama Ngalula, mke wa Tata Kayombo, alimchoma mumewe kwa pasi. Dada za mumewe wakambandika jina: Mama Pasi. Walimwita hivyo kisimani, walimwita hivyo msibani, na walifundisha watoto kumwita hivyo.

Nilikutana naye mara moja baada ya hapo, mwaka uliofuata, karibu na kituo cha reli. Walikuwa wanahamia Mutshatsha, nyumbani kwa kina mumewe, kwa kuwa mguu wa mume haukukunjika tena vizuri na kiwanda hakikuwa na kazi ya kukaa. Alikuwa amevaa kikwembe kilichokunjamana vibaya sana, chenye alama za kamba ya kuanikia. Yeye, ambaye mumewe alikuwa maridadi kuliko wote siku za Jumatatu! Aliona nilikokuwa natazama.

"Mi sishikake tena pasi, Madame," akasema. "Hata ku nguo ya kanisa."

Nilimtakia safari njema. Alinishukuru kwa kumwona mumewe zahanatini.

Basi nikastaafu, nikadhani jambo hilo limestaafu pamoja nami. Mwezi uliopita nilikwenda sokoni kwa Mama Zaina, anayeuza nguo za mitumba za kazini. Wazazi wake walitoka upande wa mashariki, na ndugu zake ni wenye malori. Kwake hununua vijana wanaochimba wenyewe, wale wanaoshuka mashimoni na taa kichwani. Wanapenda jaketi nene za Ulaya. Mama Zaina huniita nimsomee lebo, naye huniuzia nguo nzuri kwa bei ya undugu. Siku ile akanirushia suti ya kijani.

"Mama, na hii? Inaandika nini? Kuko vijana banaipenda, lakini iko kubwa. Nataka kuipeleka ku fundi, apunguze."

Sikuhitaji kutazama neno. Nililitambua kwa vidole, kwa uzito wa kitambaa. Niliigeuza ndani nje, nikaukuta utepe, nikaifungua kola. Nikasoma kwa sauti, nikitafsiri, kwa kuwa nilikuwa nimeombwa kusoma:

"Mavazi ya kinga. Usifue kwa brashi. Usipige pasi. Usitoboe kwa sindano. Mshono usio na utepe hauzuii asidi. Nguo iliyopunguzwa isivaliwe kazini."

"Kumbe iliandikwa waziwazi vile!" akasema Mama Zaina. "Kila kitu! Sasa mutu anaweza kukosea namna gani?"

Hakuwa na nia yoyote. Alikuwa akipanga viatu. Nami nilikuwa nimesimama mbele yake na mistari mitano ambayo sikujua kama naisoma kwa mara ya kwanza au ya pili, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba jibu la swali langu halina faida kwa mtu yeyote ila mimi. Kulikuwa na mwanamke Mutshatsha ambaye hakuwa na haja ya kujua kama nilisoma. Alikuwa na haja ya kujua mstari ule ubavuni mwa mumewe ulitoka wapi.

Kweli, hata pasi imekatazwa kwenye lebo ileile. Lakini nani alipaswa kumwambia? Lebo ilipitia mikononi mwangu.

"Mama Zaina, usiipeleke kwa fundi. Niuzie mimi. Lori la kaka yako linaenda lini Dilolo?"

"Kesho, saa kumi na moja ya asubuhi."

"Linapita Mutshatsha?"

"Linapita. Kuko nini kule?"

"Kuko mutu nilimukosea."

Alinitazama, akaikunja suti, akaitia kwenye mfuko. "Basi ukae mbele na dereva," akasema. "Nyuma kuko vumbi."

Tulifika saa nne na nusu. Nyumba yao iko nyuma ya kituo cha reli, na nyumba ya dada za mumewe, waliorudi nao kwao, iko ng'ambo ya ua wa miti. Tata Kayombo alikuwa amekwenda shambani, polepole, na fimbo yake. Mama Ngalula alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua sombe, majani ya muhogo. Amezeeka. Kikwembe chake kilikuwa na mikunjo ileile ya kamba. Alitaka kuinuka anipikie chai, nikamwomba akae.

Nilimweleza kila kitu, tangu kikaratasi na sahihi yangu hadi zahanati, mhandisi na suti kumi na tano nilizochoma. Sikujitetea kwa ile miezi mitatu ya kusubiri vipimo vidogo. Alisikiliza akiwa ameshika jani moja ambalo hakuliweka upande wowote.

"Pasi haikuwa?"

"Haikuwa, mama. Ni mushono. Ni miye nilisema bashone."

"Na ulijua?"

"Nilijua siku ile ya zahanati."

"Siku ile nilikuwa ku mulango," akasema. "Ulinipita. Ulinishika mukono, ukasema pole."

"Ndiyo."

"Na tukakutana tena ku gare ya treni."

"Ndiyo, mama."

Kutoka ng'ambo ya ua sauti ya mwanamke ikaita kwa furaha, "Mama Pasi! Eh, Mama Pasi! Uko na mugeni?"

Mama Ngalula aliliweka lile jani. Akasimama, akapangusa mikono kwenye kikwembe, akajibu kwa sauti ambayo nadhani ilifika stesheni.

"Kuyeni! Kuyeni bote! Na batoto mulete!"

Kisha akanigeukia. Hakuwa analia, na hakuwa amenisamehe.

"Utarudilia," akasema. "Yote, vile umeniambia. Mbele yao. Na ile ya Kijerumani, uisome ya kwanza."

Walikuja watatu, na watoto nyuma yao, wakaketi kwenye benchi wakinitazama viatu. Nikasimama. Niliitoa suti mfukoni, nikaigeuza ndani nje kama Tata Mwansa alivyonifundisha, nikaitafuta kola, nikaanza kusoma mstari wa kwanza.